Kani ya kuelekea kitovu

Kani ya kuelekea kitovu ni jumla ya kani zinazokifanya kitu kifuate njia ya duara badala ya mstari mnyoofu. Daima huelekea kwenye kitovu cha duara. Si kani ya aina ya pekee: huweza kutokana na msuguano, mvuto wa kamba au uvutano wa Dunia. Isaac Newton aliieleza katika kitabu chake *Principia* (1687).

Kanuni

Katika mwendo sare wa duara kasi haibadiliki, lakini mwelekeo hubadilika kila wakati. Badiliko hilo ni mchapuko, kwa hiyo huhitaji kani:

F = mv²/r

ambapo m ni tungamo, v ni kasi na r ni nusukipenyo. Kasi ikiongezeka maradufu, kani inayohitajika huwa mara nne.

Mfano wa basi kwenye kona

Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalianza huduma mwaka 2016. Yale yanayotoka Kimara kwenda Gerezani huacha Barabara ya Morogoro pale Faya na kukata kulia kuingia Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Tuseme nusukipenyo cha kona ni mita 20. Abiria wa kilo 60 huhitaji kani ya nyutoni 75 basi likienda kilomita 18 kwa saa, na nyutoni 300 likienda kilomita 36. Kani hiyo hutoka kwenye sakafu, kiti au bomba analoshika.

Abiria aliyesimama huhisi anasukumwa kushoto. Kwa mtazamaji aliye barabarani, hakuna kinachomsukuma: mwili wake huelekea kuendelea moja kwa moja wakati basi linageuka.

Usalama barabarani

Basi lenyewe hugeuzwa na msuguano kati ya matairi na lami. Kwenye kona isiyoinamishwa, kasi ya juu kabla ya kuteleza ni:

v = √(μgr)

ambapo μ ni kizigeu cha msuguano na g ni mchapuko wa uvutano. Kwenye kona hiyohiyo, μ ikiwa 0.7 (lami kavu) kikomo ni takriban kilomita 42 kwa saa, ikiwa 0.4 (lami iliyolowa) hushuka hadi 32.

Tungamo halimo katika kanuni hii. Gari zito halishiki kona vizuri zaidi kwa sababu ya uzito wake. Kinyume chake, mzigo uliorundikwa juu hupandisha kitovu cha uzito, na gari huweza kupinduka kabla halijateleza.