“Atakua, Yatamtoka”: Nani Alitudanganya Kuhusu Makengeza?

Juzi nilikuwa Biashara Street, dadangu anachagua leso. Pembeni mama amempakata mtoto wa miaka miwili hivi. Jicho moja liko sawa, la pili limeingia puani. Bi mkubwa mmoja akamwambia, “Usihofu mwanangu, atakua, yatamtoka.” Mama akacheka, akaendelea kupatana bei.

Kwa kichanga wa miezi miwili, sawa, macho huzurura kisha yakatulia. Lakini miaka miwili?

Watu hawajawahi kungoja tu na hii kitu. Karne ya 7, tabibu Mgiriki, Paulo wa Aegina, alitaka mtoto avishwe kinyago chenye matundu mawili ili aangalie mbele. (Jifikirie umevaa hiyo madrasa.) Mwaka 1743 Mfaransa Buffon akasema funika jicho lenye nguvu, lile vivu lifanye kazi. Hiyo bado inatumika leo. 1839, mjini Berlin, Dieffenbach alimkata mvulana wa miaka 7 msuli unaovuta jicho puani, na dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaingia hospitalini! Wengi wakamwiga, na wagonjwa wengine jicho likaishia kutazama nje.

Mimi namkubali Donders, Mholanzi. 1864 alieleza kuwa watoto wengi wa aina hii hawaoni vizuri vitu vya karibu, wanajikaza, na kule kujikaza ndiko kunakovuta macho ndani. Dawa yao? Miwani. Yaani mtoto anavaa miwani, macho yananyooka.

Na Botox mnayoona kwa masuperstaa, Alan Scott wa San Francisco aliitafutia makengeza. Marekani iliidhinisha 1989. Mikunjo ya uso ilikuja 2002.

Sisi tunabishana kama kengeza ni urembo au aibu, wakati ubongo wa mtoto unapata picha mbili na unaizima moja. Haumwi, halii, kwa hivyo hakuna anayejua jicho linapoteza nguvu. Kufunika jicho hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Na mara chache, jicho lililogeuka ni dalili ya saratani ya jicho, hasa mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya flashi.

Mombasa hii ina hospitali ya macho ya Lighthouse tangu 1969. Si mbali.

Yule mama alilipia jozi yake ya leso akaondoka. Sikumwambia kitu, niliona haya. Ndiyo naandika.