Siku ya Mgonjwa: Kutoka Kipande cha Mkonge hadi Daftari la Mahudhurio

Mwezi wa tatu mwaka jana niliugua malaria, nikalala siku nne. Niliporudi kazini nikakuta alama nne za X mbele ya jina langu kwenye daftari la mahudhurio, na barua ya onyo la kwanza imeshapigwa muhuri. Motisha ya siku nne ilikatwa. Onyo la tatu ni kuondoka.

Mimi ni mhamasishaji wa afya hapa kambini. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu: homa ikianza msingoje, nendeni zahanati ndani ya saa 24. Nami nilipopata homa nilifanya hivyohivyo. Nilimtuma mwanangu kwa msimamizi, akafika, akaeleza. Msimamizi mwenyewe hakukataa.

"Kaka, mimi najua uliumwa," aliniambia. "Lakini wakaguzi wakija wanaangalia daftari, hawaniangalii mimi. Niletee ED."

ED ndiyo ile karatasi ya daktari ambayo Watanzania wanaijua wote: huyu apumzike siku kadhaa. Nikarudi zahanati na daftari langu la matibabu. Ndani mlikuwa na tarehe, kipimo na dawa mseto niliyopewa. Siku za kupumzika hazikuandikwa. Nikaomba ziandikwe, nikajibiwa: "ED ni ya waajiriwa. Ninyi ni watu wa motisha."

Jioni nilimsimulia jirani yangu, mzee wa Kirundi. Akacheka, halafu akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hicho ni kipande. Baba yangu alikuwa nacho Tanga."

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wazee na kusoma kila nilichopata juu ya jambo hili. Mkoa huu wa Kigoma tunaoishi una historia ndefu ya kazi ya mbali. Wakati wa Waingereza, Waha wa hapa, pamoja na watu kutoka Burundi na Rwanda, walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge, hasa upande wa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30. Ukimaliza kipimo chako cha siku, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Mshahara ulilipwa visanduku 30 vikijaa, na kwa kawaida vilitakiwa kujaa ndani ya siku 42. Kwa hiyo mwezi wa kazi haukuwa mwezi wa kalenda. Siku uliyolala na homa haikuwa likizo na wala haikuitwa kosa. Ilikuwa kisanduku kitupu tu, na aliyekuwa na kalamu ni mnyapara. Baba yake mzee alishikwa na homa akiwa na alama 26. "Alikwenda kukata mkonge akitetemeka," mzee aliniambia, "maana zilibaki nne tu."

Nyuma ya kipande kulikuwa na sheria. Ile ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji wa Tanganyika ilifanya kukosa kazi bila ruhusa kuwa jambo la mahakama ya jinai: faini au jela.  Mfanyakazi aliyevunja mkataba kwa njia hiyo alikuwa mhalifu.

Kwetu Kongo mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na familia zao kwenye kambi zake, ikawajengea hospitali na kuwapa posho. Mgonjwa alitibiwa, hilo ni kweli. Lakini munganga alikuwa wa kampuni, kitanda ni cha kampuni, na nyumba atakayorudi ni ya kampuni. Nani angebishana naye akisema umepona?

Hapo ndipo nilianza kuelewa barua yangu. Swali la zamani halikuwa tu "mgonjwa alipwe au asilipwe." Lilikuwa: nani ana haki ya kusema kwamba huyu ni mgonjwa? Ni mnyapara, ni daktari wa bwana, au ni mtu asiye na faida katika jibu?

Mabadiliko hayakuja kwa huruma. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli kuingia bara. Miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu. Mwaka 1955 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kufuta adhabu za jinai kwa wafanyakazi wenyeji waliovunja mikataba ya kazi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ilitungwa sheria ya usalama wa kazi. Ndani yake mlikuwa na jedwali la makosa na adhabu zake, na kamati za wafanyakazi ambazo mwajiri alipaswa kuzihusisha kabla ya kumfukuza mtu. Kwa mara ya kwanza kalamu ya mnyapara ilikuwa na mtu wa kuiangalia.

Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 2004. Inampa mwajiriwa aliyetimiza miezi sita siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Kanuni za mwaka 2007 zinasema kukosa kazi zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa kubwa. Lakini mtuhumiwa apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa, asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia. Na mtu aliyeugua haendi kwenye njia moja na mtoro. Mwajiri anatakiwa atazame ugonjwa wenyewe na uwezekano wa kumpa kazi nyepesi kabla ya kufikiria kumwachisha.

Mkataba wangu unasema "motisha", hausemi "mshahara". Ofisi inasema siku hizo 63 hazinihusu. Sawa. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyogawanyika: adhabu ya mwajiriwa nimepewa, onyo la kwanza mpaka la tatu. Karatasi ya mwajiriwa nimenyimwa. Na kwa baadhi yetu, shirika linaloandika X ndilo hilohilo linaloendesha zahanati.

Sitaki kuwadanganya wasimamizi wanaosoma hapa. Wapo wenzetu wanaougua kila Jumatatu, sisi wenyewe tunawajua. Lakini cheti kiliwekwa kwa ajili hiyo, ili mwongo akamatwe bila mgonjwa kuadhibiwa. Mkifunga mlango wa cheti, mnabaki na dhana tu, na dhana humpata yeyote.

Kwenye kikao cha mwezi nimeomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za mfadhili. Mganga akimwandikia mtu dawa, aandike pia siku za kupumzika, bila kuuliza kama ni mwajiriwa au ni wa motisha. Daftari la mahudhurio liwe na alama ya M kwa mgonjwa, iwe tofauti na X ya mtoro. Na barua ya onyo isipigwe muhuri kabla mtu hajaitwa na kusikilizwa, akiwa na mwenzake. Waliandika kwenye muhtasari. Tunasubiri.

Barua yangu niliisaini, maana ukikataa kusaini hilo nalo ni kosa. Ila chini ya saini niliandika kwa mkono wangu: "Niliugua malaria, nilitoa taarifa siku ya kwanza, nakala ya daftari la matibabu imeambatanishwa." Msimamizi alisoma, akainua macho, akaiweka kwenye faili hivyohivyo.

Nilipomweleza mzee, aliniuliza kama kulikuwa na nafasi ya kuandika. Nikamwambia ilikuwepo, mistari miwili hivi.

"Kwenye kipande haikuwepo," alisema.

Wenzangu wa motisha, mvua zimeanza na mbu wamerudi. Tunzeni madaftari yenu ya matibabu, na mkipewa barua, jazeni hiyo mistari miwili.