Mpini wa resini: vumbi ndilo linaloshika

Miezi miwili iliyopita mzee mmoja anayebebesha miche ya michungwa hapa Muheza alinijia ofisini, mkono wake umefungwa kitambaa. Kisu chake cha kubebeshea kilikatika mpini akiwa anachomoa jicho kwenye kikonyo, na kidole gumba kikaishia kwenye makali. Mpini ule ulitengenezwa na kikundi cha vijana ninachokisimamia, kwa resini iliyomiminwa kwenye kalibu. Na aliyewashauri waimimine tupu, bila kuchanganya kitu, ili ing'ae na ivutie wanunuzi, ni mimi.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaweka vipande viwili mezani. "Bwana shamba," akasema, "mmetengeneza chupa, hamkutengeneza mpini."

Baada ya hapo nilianza kusoma jinsi watu wa zamani walivyokuwa wakishikisha chuma kwenye mpini, na kabla ya chuma, jiwe. Nilichokikuta kilinitia aibu kidogo. Kosa langu limekwisha kufanywa na kusahihishwa mara nyingi, na mara ya kwanza kulisahihisha hakukuwa na chuma duniani.

Tuanzie kwenye pango la Sibudu, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta humo vipande vya mawe makali vya miaka kama 70,000 iliyopita. Upande uliokuwa umefungwa kwenye mti ulikuwa na mabaki ya utomvu wa miti pamoja na udongo mwekundu, ule wenye kutu ya chuma. Kwa muda mrefu udongo huo ulidhaniwa kuwa pambo tu. Profesa Lyn Wadley na wenzake wakaamua kujaribu wenyewe: wakatengeneza vifaa vya mawe, wakavishikisha kwa utomvu wa mgunga, vingine kwa utomvu mtupu na vingine kwa utomvu uliochanganywa na unga wa ule udongo. Matokeo waliyachapisha mwaka 2009. Utomvu mtupu ulikauka ukawa mwepesi kuvunjika, na ulivuta unyevu wa hewa ukalainika. Uliochanganywa ulishika. Waligundua pia kwamba moto ukizidi utomvu unachemka, viputo vinabaki ndani, na kiungo kinakuwa dhaifu.

Viputo! Nikakumbuka mipini yetu ile, jinsi vijana walivyokuwa wakikoroga resini kwa nguvu kama wanasonga ugali.

Sisi wa pwani tuna historia yetu ya resini, na ni kubwa kuliko wengi wanavyojua. Sandarusi ilichimbwa katika Mrima, mkabala na Unguja. Ni utomvu wa mti wa msandarusi uliodondoka na kulala ardhini muda mrefu sana hata mti wenyewe ukawa haupo tena. Watu waliifukua mchangani kwa majembe ya mkono. Iliyotoka ardhini ilikuwa na ngozi yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, nayo ndiyo iliyotakiwa. Ile changa iliyotoka moja kwa moja mtini iliitwa chakazi, na wanunuzi wa Kiingereza wakalisikia neno hilo vibaya, wakaligeuza kuwa neno lao la kumwita punda. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja kuanzia miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said akatia sahihi mkataba na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters akaja kuwa balozi mdogo wao wa kwanza. Sandarusi yetu ilisafishwa kule Salem ikageuzwa vanishi ya samani na ya magari ya farasi.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu moja. Resini ile ilipata bei nzuri kwa kung'aa kwake, na kazi yake ilikuwa kupakwa juu ya mbao. Mbao ndiyo iliyobeba mzigo. Mimi niliitoa mbao nikabakiza mng'aro peke yake.

Mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, walilijua hili. Visu vya mezani vilikuwa na mpini wa mfupa, pembe au pembe ya ndovu (na pembe nyingine zilipitia Unguja, kwa njia tunayoijua na machungu yake). Mpini ulitobolewa, ule mkia wa kisu ukaingizwa tunduni, na pengo likajazwa resini ya msonobari iliyoyeyushwa na kuchanganywa na unga wa matofali au chokaa. Ndiyo sababu vitabu vya zamani vya mapishi na utunzaji wa nyumba vilikataza kuvitumbukiza visu kwenye maji ya moto: resini ingelainika na mpini ungechomoka.

Resini ya kwanza isiyolainika tena kwa moto ilitengenezwa na Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani. Alikuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya shelaki, ile resini ya mdudu wa India ambayo maseremala wetu bado wanaipaka. Mwaka 1907 alifaulu kuunganisha fenoli na fomaldehaidi kwa joto na mgandamizo, na mwaka 1909 akaitangaza kazi yake mbele ya wanakemia wenzake. Ndiyo Bakelite: mpini mweusi wa sufuria, wa birika, wa pasi. Ukiwa na pasi ya zamani ya bibi, umeishika.

Watu wengi hawajui kilichomo ndani ya weusi ule. Bakelite tupu ni kahawia yenye kupitisha mwanga, nayo inavunjika upesi. Viwanda viliichanganya na unga wa mbao, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake. Kifaa kilichotakiwa kustahimili kishindo kiliwekewa vipande vya vitambaa vya pamba. Kampuni ya Westinghouse ikaenda mbali zaidi mwaka 1910: ilipanga karatasi na vitambaa tabaka kwa tabaka, ikavilowesha resini hiyo na kuvigandamiza, ikaiita Micarta. Ilikusudiwa kuzuia umeme, lakini mafundi wa visu waliipenda, na hadi leo inatengenezewa mipini.

Bakelite, hata hivyo, haikuweza kutengenezwa nyumbani. Ilihitaji mashine ya kugandamiza na kalibu za chuma zenye moto. Mlango wa nyumbani ulifunguliwa na resini mbili zilizokuja baadaye. Ya kwanza ni epoksi. Pierre Castan wa Uswisi aliipata miaka ya 1930 akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Kampuni ya Ciba ikaichukua, na miaka ya 1940 ikaanza kuiuza kwa jina la Araldite, lile lile lililo kwenye duka la vifaa hapo mtaani kwenu. Ya pili ni poliesta, ile ya kazi za faiba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia iliunganishwa na nyuzi za kioo kufunika rada za ndege, na vita vilipokwisha ikaingia kwenye boti na mabodi ya magari. Zote mbili hugandishwa na dawa tu. Unachanganya, unamimina kwenye kalibu, unasubiri.

Na hapa ndipo, kwa maoni yangu, tulipopotea. Kiwandani kichanganyio hakikosekani, maana mhandisi amekiandika kwenye maelekezo. Nyumbani tunanunua kopo, tunaona maji mazuri kama asali, na tunadhani uzuri ule ndio nguvu. Hata poliesta ya boti haifanyi kazi bila nyuzi za kioo. Fundi wa faiba anajua hivyo vizuri kuliko mimi, na kama ningemwuliza mapema mzee yule asingekatwa.

Kikundi sasa kinafanya hivi. Kalibu tunaitengeneza kwa mti, nusu mbili, tunaipaka nta mara tatu. Mkia wa kisu tunaukwaruza kwa tupa na kuukata meno mawili matatu kila upande, kisha tunaupangusa mafuta yote. Tunachekecha unga wa mbao kwa kitambaa na kuuanika juani mpaka ukauke kabisa, kwa sababu unyevu ni adui wa resini leo kama ulivyokuwa Sibudu. Resini vikombe viwili, unga kikombe kimoja. Juu ya hapo tunaongeza nyuzi za mkonge zilizokatwa urefu wa ukucha. Tanga hatuwezi kukosa mkonge. Tunakoroga polepole, tunamimina nusu, tunagonga kalibu ili viputo vipande juu, tunamimina nusu nyingine. Resini nyingi ikimiminwa tupu kwa mkupuo mmoja hupata moto yenyewe mpaka inapasuka, wakati mwingine inatoa moshi. Unga unapunguza joto hilo pia.

Fanyeni kazi nje, vaeni glavu. Na wanaotumia poliesta: ile dawa ya kugandisha na ile ya kuharakisha zisikutane peke yake hata tone, maana zinalipuka. Moja iingie kwenye resini kwanza, ikorogwe, ndipo ya pili ifuate.

Mpini unaotoka ni wa rangi ya udongo, haung'ai, na vijana wawili walilalamika kwamba hautauzika sokoni. Nilimpelekea mzee mmoja, bure, pamoja na pole yangu. Aliupima mkononi, akaupiga ukingoni mwa benchi mara tatu, akaniuliza kama naweza kuuongeza unene kidogo mahali pa kidole kidogo, kwa sababu kidole gumba bado hakijapona na anashikia cha mwisho. Kalibu mpya tunaichonga wiki hii.