Swali la Tatu: Chagua Moja

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Kenya ana nafasi moja tu ya kuchagua kitabu katika somo zima la Kiingereza, nayo imewekwa mwisho kabisa. KCSE ina karatasi tatu za Kiingereza, jumla alama 200. Ni mpaka afike swali la tatu la karatasi ya tatu ndipo anaona herufi a, b na c na kuambiwa ajibu moja. Alama 20. Hiari yake ya kitabu inaanzia hapo na kuishia hapo.

Tena ni hiari ya jina tu. Vitabu vya hiari ni vitatu, vipindi havitoshi vitatu, kwa hiyo mwalimu anachagua kimoja na darasa zima linakisoma hicho. Nimefundisha Kiingereza Ntimaru miaka ya kutosha, na sijaona darasa likiulizwa linataka kipi.

Ntimaru iko Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, kwenye vilima vya Bwirege karibu na mpaka wa Tanzania. Mtoto wa hapa huzaliwa ndani ya Kikuria. Kiswahili anakipata sokoni na kwa jamaa wa ng'ambo, upande wa Tarime, maana mpaka wa wakoloni uliwakata Abairege huku na huku. Kiingereza anakikuta shuleni, na akitoka getini anakiacha hapo hapo. Swali ambalo limenisumbua muda mrefu ni hili: ilikuwaje nchi ikaifanya lugha hiyo ndiyo ya kusomea kila kitu, halafu isiwe na darasa hata moja la sekondari kwa mtoto ambaye bado hajaijua?

Wazee wetu waliosoma kabla ya uhuru husimulia kwamba kitabu chao cha kwanza kilikuwa cha Kijaluo. Sote tulikuwa Nyanza Kusini, shule ikatumia lugha ya walio wengi, na mtoto wa Kikuria akaingizwa humo humo. Jirani yetu mmoja alihesabu ng'ombe kwa Kikuria na pesa kwa Kijaluo mpaka uzeeni: achiel, ariyo, adek. Nilipokuwa mdogo nilidhani noti zina lugha yake.

Kiingereza cha darasa la kwanza kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1957 serikali ya kikoloni ilianzisha Nairobi kituo maalumu cha kutayarisha masomo ya Kiingereza kwa watoto wanaoanza shule. Wa kwanza kufundishwa hivyo walikuwa watoto wa Kihindi wa mjini, waliotoka nyumba za Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine. Miaka ya mwanzo ya 60 mpango ukapelekwa shule za Waafrika, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaubariki: Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ninaukumbuka mpango huo kwa heshima kidogo, kwa sababu uliandaliwa na watu waliokubali kwamba mtoto anayeingia darasani hajui Kiingereza. Ulikuwa na picha, michezo, vitabu vilivyopangwa hatua kwa hatua. Lakini ulihitaji mwalimu aliyefunzwa na vifaa vya kutosha. Ulipofika shule za mbali, ambako mwalimu mwenyewe alikuwa na darasa la saba, ukageuka kuwa sentensi za kupigiwa kelele kwa pamoja.

Ripoti ya Gachathi, mwaka 1976, ikarudi nyuma: madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kishike kuanzia la nne. Sawa. Ila lugha ya eneo ni ipi, ukiwa Mkuria ndani ya Nyanza Kusini? Na tazama ripoti zote mbili zinagombania nini: darasa la kwanza hadi la tatu. Aliyefika kidato cha kwanza alihesabiwa kuwa amekwisha kuvuka.

Kilichobaki kwa waliokuwa hawajavuka ni diski. Katika shule yangu ya msingi ilikuwa kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukisikika ukisema Kikuria unavishwa, nawe unatega sikio umkamate mwingine umvishe. Jioni aliyebaki nayo anamtaja aliyempa, huyo anamtaja wake, mpaka mnyororo unafika kwa mtu wa asubuhi, na wote mnachapwa. Ndiyo iliyokuwa huduma yetu kwa wanaojifunza Kiingereza. Haikutufunza kusema, ilitufunza kunyamaza, na kunyamaza tulikuwa hodari.

Kabla ya 8-4-4, sekondari ilikuwa na masomo mawili: Kiingereza kama lugha, na Fasihi ya Kiingereza, ambayo mtu aliweza kuiacha. Mfumo mpya ulipoanza 1985 viliunganishwa kuwa somo moja la lazima, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Hoja ilikuwa nzuri: lugha hufunzwa vizuri kupitia hadithi. Mimi nakubaliana nayo kwa mtoto anayeweza kusoma riwaya. Asiyeweza hununua mwongozo, anakariri wahusika na maudhui, na anaweza kumaliza kidato cha nne bila kusoma sura moja ya kitabu chenyewe mwanzo hadi mwisho. Halafu kuna karatasi ya kwanza, yenye alama 30 za matamshi na mazungumzo ambazo hutahiniwa kwa kalamu. Mtoto wangu, ambaye Kikuria chake hakina sauti ya L, anaandika kwa usahihi kabisa kwamba 'light' na 'right' hazifanani, kisha anasimama na kuyasoma yote mawili 'right'. Anapata alama zake.

Wakati huo wasomi wetu walikuwa na vita vyao. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1974 walimu wa fasihi wakakutana Nairobi School kujadili vitabu vya shule za sekondari. Walikuwa na haki, na kama si wao pengine ningekuwa bado nafundisha maua ambayo hayaoti Bwirege. Ila swali lao lilikuwa kitabu gani, na halikuwa mtoto yupi anaweza kukisoma. Mwaka huo huo wa 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau na Nichols, iliyoletwa kwa niaba ya wanafunzi wa asili ya Kichina huko San Francisco. Ikasema kuwapa watoto vitabu vile vile na mwalimu yule yule si usawa, ikiwa hawaelewi lugha ya darasa. Wamarekani wamekuwa wakizozana tangu hapo namna ya kuwasaidia watoto hao, lakini hawawezi tena kusema hawapo.

Si lazima tuende San Francisco. Nenda Tarime tu. Tanzania ilisomesha msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na pengo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, serikali ikakataa. Mwaka 1984 utafiti wa Waingereza wawili, Criper na Dodd, ukaonyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Ukafuata mradi wa kuleta vitabu vyepesi vya kusoma na kuwanoa walimu. Tena shule za ng'ambo zina kozi ya awali: mwanafunzi wa kidato cha kwanza anapewa wiki kadhaa za Kiingereza kabla ya kuingia masomo yenyewe. Walimu wa kule wataniambia wiki hizo hazitoshi, na nitawaamini. Lakini nchi inayosemwa haijui Kiingereza ndiyo iliyokiri na kuweka darasa. Sisi tunaojisifu nacho tulimwingiza mtoto moja kwa moja kwenye biolojia.

Mtu asinielewe vibaya akadhani nakichukia Kiingereza. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, wasichana wengi wa Kuria walikeketwa, na sherehe zikapita barabarani mchana kweupe huku sheria ya 2011 ikiwapo. Tulirudi darasani Januari 2021. Kitabu cha lazima kilikuwa Blossoms of the Savannah, riwaya ya Henry ole Kulet ya 2008, kuhusu dada wawili, Taiyo na Resian, waliohamishwa kutoka Nakuru hadi Nasila, ambako walingojewa na kisu na ndoa. Sikuhitaji kueleza maudhui.

Nilitoa insha juu ya kitabu. Msichana mmoja aliacha kitabu akaanza kuandika habari zake. Mistari minne. Sentensi ya tano ilianza na 'After' ikakatikia hapo. Nilimwita kando nikamwambia, mwanangu, andika kwa Kiswahili, au Kikuria, mimi nitasoma. Akatikisa kichwa.

"Madam, kwa Kikuria haisemeki."

Nilimwelewa. Kwa lugha yetu jambo lile lina maneno ya heshima tu, ya nyimbo na ng'ombe na kukua. Kiingereza kilimpa mlango wa kulisemea, na maneno yakamwishia kizingitini. Alihitaji Kiingereza kingi zaidi, na hakuna ripoti, kuanzia Ominde hadi leo, iliyopanga nani angempa.

Mabadiliko yamekuja, lakini kwa upande mwingine. Tangu KCSE ya 2023, wastani wa mwanafunzi unahesabu Hisabati na lugha moja aliyofanya vizuri, kisha masomo mengine matano. Kwa mara ya kwanza Kiswahili kinaweza kusimama mahali pa Kiingereza, na kwa watoto wa mpakani hiyo si neema ndogo. Januari 2026 gredi ya kumi ikaanza. Kiingereza kimebaki lazima, na Fasihi ya Kiingereza imerudi kuwa somo la hiari, katika njia ya sayansi ya jamii. Baada ya miaka 40 tumetenganisha tulichounganisha.

Wakati wa kuchagua masomo mama mmoja alikuja na kijana wake. Nikawasomea orodha. Nilipofika kwenye Fasihi ya Kiingereza alinikatiza.

"Mwalimu, hicho Kiingereza cha pili ni cha nini, na cha kwanza bado hajakipata?"

Kijana akacheka, akachagua Fasihi ya Kiswahili, Historia na Jiografia. Mama akasema sawa, lakini kile cha lazima nani atamsaidia. Nikamwambia Jumamosi saa mbili asubuhi, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, huwa tunasoma vitabu vyembamba na kuzungumza. Hakiko kwenye ratiba. Aje na daftari, sare si lazima.