Lugha ya Amri: Historia Fupi ya Modemu za Faksi

Sisi walimu wa sarufi huwaambia wanafunzi kwamba amri haina nguvu mpaka anayeamriwa aielewe. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kanuni hiyo katika lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote: amri ambazo kompyuta huipa modemu ili ipeleke au ipokee faksi.

Chimbuko lake ni mwaka 1981, kampuni ya Hayes ya Marekani ilipotoa Smartmodem, modemu yenye kasi ya biti 300 kwa sekunde. Kila amri ilianza kwa AT, ufupisho wa neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize. Kisha kilifuata kitenzi: D (piga), A (pokea), H (kata simu). Modemu ilijibu OK ikielewa, au ERROR isipoelewa. Mpangilio huo hautofautiani sana na wetu tunaposema, "Juma, soma!": mwito kwanza, amri baadaye.

Faksi ilileta ugumu mpya. Mashine mbili za faksi hazitumiani kurasa tu. Kwanza hujadiliana kuhusu kasi na ukubwa wa karatasi, kisha huthibitisha kila ukurasa, kwa taratibu za T.30 zilizokubaliwa kimataifa. Nani ayaongoze mazungumzo hayo, kompyuta au modemu?

Majibu yalikuwa mawili. Katika Daraja la 1, lililosanifiwa Marekani mwaka 1990, kompyuta huongoza karibu kila hatua. Kwa mfano, AT+FTM=96 maana yake ni "tuma data ya faksi kwa biti 9,600 kwa sekunde". Katika Daraja la 2, mazungumzo huachiwa modemu yenyewe.

Hapo ndipo palipozuka mkanganyiko. Rasimu ya Daraja la 2 ilikuwa bado inajadiliwa, lakini watengenezaji hawakusubiri; waliuza modemu zinazoifuata. Sanifu ilipochapishwa mwaka 1993, maneno yalikuwa yamebadilika. Kwa mfano, jibu la kuthibitisha kwamba faksi imeunganishwa, +FCON, likawa +FCO. Ililazimu sanifu hiyo ipewe jina la Daraja la 2.0, na rasimu ikabaki Daraja la 2. Nukta na sifuri tu, lakini programu inayojua lahaja moja haikuweza kuiendesha modemu ya lahaja nyingine.

Dawa ilikuwa ni kuuliza kabla ya kuamuru. Programu ilituma AT+FCLASS=? na modemu ikataja madaraja inayoyafahamu.

Kisa hiki si kigeni kwetu. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wasemaji wa lahaja nyingine hawakunyamaza. Usanifishaji huja wakati watu wamekwisha kuzungumza.

Kampuni ya Hayes ilifilisika na mali zake zikauzwa mwaka 1999, na faksi imepungua sana. Hata hivyo amri za AT zingali hai katika vifaa vya mtandao wa simu za mkononi. AT+CMGS, kwa mfano, hutuma ujumbe mfupi. Lugha hudumu kwa watumiaji wake, hata mwasisi akiondoka. Nasi tunapomsahihisha mwanafunzi anayetoka na Kiswahili cha kwao, tuanze kwa kumuuliza anajua nini.