Komeo, Mnyororo na Tumbuu za Milango Yetu

Ndugu zetu wa Lamu, mlioko nyumbani na mlioko ugenini,

Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji wetu wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wageni hupiga picha nakshi za milango. Sisi tuliolelewa nyuma ya milango hiyo twaikumbuka pia sauti ya mnyororo ukigonga mbao, na mtu nje akipiga hodi.

Mlango wa kale haukuwa na bawaba. Kila ubao ulikuwa na ncha mbili zilizozunguka ndani ya matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Ndani ulifungwa kwa komeo la mti. Nje ulifungwa kwa mnyororo wa chuma, pete yake ya mwisho ikaingia kwenye tumbuu, kisha ikatiwa kufuli. Chuma kilipokatika kilirudi kwa mhunzi.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 hulinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946, na hazitolewi nchini bila kibali. Hata hivyo, minyororo mingi tumeing'oa wenyewe tukatia vitasa vya dukani, na chuma cha wazee tukakiuza kwa kilo.

Mwaka jana tulirudia kosa hilo katika nyumba ya kale tunayoikarabati iwe maktaba ya watoto. Tulinunua bawaba na kitasa vya bei nafuu, tukaandika katika hesabu kuwa tumeokoa fedha. Mwaka haukwisha. Hewa ya chumvi ilizila skrubu, kutu ikavimba, ubao wa kale ukapasuka. Kumlipa seremala auzibe kumetugharimu zaidi ya tulichookoa. Sisi tunaoshika vitabu vya jumuiya twakiri kosa hilo mbele yenu.

Mwaka huu twaomba mambo mawili. Kwanza, mchango wa fedha, ili mhunzi atufulie minyororo na tumbuu kwa vipimo vya asili, na seremala arudishe ncha za mlango.

Pili, tazameni katika makasha ya mama zetu na mikebe ya misumari, iwe Mombasa, Nairobi au Muscat. Mkipata mnyororo, tumbuu au kufuli, hata lisilo na ufunguo, tuleteeni. Kisichofaa kutumika kitamfaa mhunzi kama kielelezo. Msisugue kutu wala kupaka rangi. Andikeni kimetoka nyumba gani na mtaa gani, Mkomani au Langoni. Kila kitu kitaingia daftarini na mtapewa risiti, sawa na mtoaji wa fedha.

Kwa sasa mlango wa maktaba umefungwa kwa kamba. Tusaidieni tuufungue kwa watoto ukiwa na mnyororo wake.