Alipiga deki, ikaitwa sanaa

Wasee, kuna kitu huwa tunasema bila kufikiria: "Mathe hafanyi kazi, yuko tu nyumbani." Mimi pia nimeisema sana. Alafu nikaacha chuo, nikarudi kukaa home, nikaona siku ya mathe inaanza saa kumi na moja asubuhi na haina mwisho. Ndio maana stori ya Mierle Laderman Ukeles ilinishika.

Huyu ni msanii wa New York. Akiwa na mimba, mwalimu wake wa uchongaji alimwambia mambo ya usanii ndio basi. Mtoto akazaliwa 1968. Sasa ikawa ni nepi, vyombo, kufagia, kesho tena vilevile. Mwaka wa 1969 akaandika ilani akisema kazi za kutunza nyumba na watu, yeye atazifanya hadharani na zitakuwa sanaa yake. Hoja yake: tunasifu sana wanaoanzisha vitu vipya, lakini hata mapinduzi yakifaulu, bado kuna mtu lazima azoe taka.

Julai 1973 akaenda Wadsworth Atheneum, jumba la sanaa kule Hartford, Marekani. Akamwaga maji kwenye ngazi, akapiga magoti, akasugua kwa vitambaa vya nepi. Masaa manne nje, masaa manne ndani, wageni wakipita. Sakafu ileile ilikuwa inasafishwa siku zote na watu ambao hakuna aliyewahi kuwatazama.

Hakuishia hapo. 1977 akawa msanii wa Idara ya Usafi ya New York, bila mshahara. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka jiji akiwapa mkono wazoa taka karibu 8,500, mmoja mmoja, na kuwashukuru.

Najua utaniambia: mama fua wa mtaa wetu hupiga magoti kila siku na hakuna anayemuita msanii. Ni kweli, na hapo ndipo panauma. Sabuni ni ileile, magoti ni yaleyale. Ukeles alikuwa na jumba la sanaa nyuma yake, mama fua ana beseni na bei ambayo bado tunataka kuipunguza.

Kwa hivyo mimi ile sentensi ya "yuko tu nyumbani" nimeiacha. Na wewe, aliyekufulia hiyo shati umevaa, mara ya mwisho ulimwambia asante lini?